Utajuaje kama breka ya umeme ya nyumbani imekufa kweli au unaionea tu

Breka ikiruka, yaani ikikata umeme yenyewe, mara mbili tatu kwa siku watu wanasema imekufa, inunuliwe nyingine. Ngoja kwanza. Kuruka ndo kazi yake, na nyingi nilizoona zikitolewa zilikuwa nzima kabisa, tatizo lilikuwa kwingine na likabaki palepale hata baada ya kuweka mpya.

Anza na hili: imerukaje? Ndani ya breka kuna kipande cha chuma cha tabaka mbili ambacho umeme ukizidi kinapata joto, kinajikunja taratibu mpaka kinaachia. Hicho ni cha mzigo kuzidi, na kinachukua muda, dakika kadhaa au zaidi. Halafu kuna koili, yaani waya uliozungushwa, hiyo ni ya shoti, ikitokea inakata papo hapo hata jicho hujafumba. Kwa hiyo kama inakaa kidogo ndo inakata, piga hesabu kabla hujaita mtu. Breka ya 16A (amperi 16) kwenye umeme wa 230V inabeba wati 3,680, sasa wewe una hita ya wati 2,000, pasi ya 1,500 na birika la umeme la 2,200 vyote viko kwenye sakiti moja, yaani nyaya za breka moja, hiyo ni 5,700, unategemea nini?

Kama hesabu haielezi, fanya hivi. Chomoa kila plagi kwenye sakiti hiyo, usizime swichi tu, chomoa kabisa. Nenda kwenye boksi, shusha kidude cha breka mpaka chini kabisa ndo upandishe, maana nyingine zikiruka kinabaki katikati na ukikisukuma moja kwa moja kinagoma, hapo ndo wengi wanadanganyika. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja, kitakachoiangusha ndo mchawi wako. Ikiruka palepale na hakuna kitu kimechomekwa, basi ni nyaya za ukutani au breka yenyewe, na kutenganisha hayo mawili ni kazi ya fundi: anazima meni, yaani swichi kuu, anatoa waya wa sakiti hiyo kwenye breka, anaufunika vizuri, anawasha tena. Breka haina mzigo hata kidogo na bado haikai? Hiyo imekufa, toa. Ikikaa, usiinunulie mwenzake, tafuta shoti kwenye nyaya.

Sasa dalili za breka mbovu kweli, na hapa mimi naogopa zaidi ile isiyoruka kuliko inayoruka.

Harufu kwanza. Plastiki ya vifaa vya umeme ikianza kuungua mara nyingi inanuka kama samaki aliyeharibika, siyo moshi. Kwangu ilinuka siku mbili koridoni, nikaosha pipa la taka, nikamwaga dawa kwenye sinki, wapi. Siku ya tatu nafungua kifuniko cha boksi naona breka ya hita ina doa la kahawia pembeni kama chai iliyomwagika ikakauka. Fundi alipoweka bisibisi kwenye skrubu ya waya ikazunguka karibu duara zima bila kukaza, yaani waya ulikuwa umekaa tu pale kama mgeni. Skrubu ikilegea panapata joto, joto linaua breka, na breka haioni shida yoyote kwa sababu umeme unaopita haujazidi, kwa hiyo hairuki ng'o.

Kwa hiyo gusa uso wa breka kwa mgongo wa kidole, mkono mkavu, boksi likiwa limefunikwa. Vuguvugu wakati hita inafanya kazi ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha kidole, zima sakiti hiyo na usiwashe mpaka fundi aje. Hivyo hivyo ukisikia inaunguruma au inatoa sauti kama mafuta yanakaangwa, au plastiki imeyeyuka. Kidude kuwa legelege, hakibani juu wala chini, ni dalili nyingine, na ile ya breka kuwa imewashwa lakini umeme unakuja na kupotea, ukiigonga kidogo taa zinarudi. Usizoee kuigonga jamani.

Ile kubwa yenye kitufe kimeandikwa T, inayolinda umeme ukivuja kwenda ethi (waya wa ardhini) au mwilini mwako, hiyo unaweza kuipima mwenyewe: bonyeza kitufe umeme ukiwepo, lazima ikate palepale. Isipokata ni mbovu hata kama inaonekana mpya.

Kitu kimoja mtu asikushauri: kuondoa ya 20A kuweka ya 32A "ili isisumbue". Breka inalinda waya. Waya wa milimita za mraba 2.5 ukaupa breka ya 32A, siku mzigo ukizidi breka itatulia tuli na waya ndo utaungua ndani ya ukuta. Mpya iwe na amperi zilezile na herufi ileile mbele ya namba, B au C, na iwe ya kampuni ileile ya boksi lako, zingine zinaingia lakini hazishiki vizuri. Fundi akimaliza mwambie akaze na skrubu za jirani zake.