Kupima Risasi za Kujaza Mwenyewe kwenye Bastola ya Risasi Moja

Matundu yakitawanyika kwenye karatasi ya shabaha, wengi hukimbilia kubadilisha baruti. Kwenye bastola inayokunjika kwa bawaba, kama Thompson/Center Contender, mara nyingi baruti haina kosa. Ganda la risasi halijakaa sawa kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), au mkono umeshika bastola vingine kila mara. Pima hayo mawili kwanza, la sivyo utamaliza fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) na vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) bila kujifunza kitu.

Mfano wetu ni 7-30 Waters, risasi iliyotokana na .30-30 Winchester iliyobanwa shingo ishike kichwa cha milimita 7 (kipenyo halisi ni milimita 7.21). Risasi nyingine adimu zenye ukingo kwenye kitako hufuata njia hiyohiyo. Viwango vya baruti havimo humu. Vichukue kwenye kitabu cha ujazaji kinachotaja risasi hiyo, uzito huo wa kichwa na, kikiwezekana, mtutu wa bastola. Usikadirie kutoka risasi inayofanana nayo. Hakikisha pia kwamba sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kujaza risasi mwenyewe.

Ganda kwanza

Maganda ya 7-30 Waters hayapatikani kirahisi, kwa hiyo watu huyatengeneza kwa maganda ya .30-30. Ganda la namna hiyo hupata umbo lake kamili baada ya kufyatuliwa mara ya kwanza. Usihukumu ulengaji kwa mkupuo huo wa kwanza. Utumie kuzoea bastola na kurekebisha darubini.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye presi, mashine ya kujazia risasi. Ukikaza dai (kalibu ya chuma inayorudishia ganda umbo lake) mpaka chini kabisa kama karatasi ya maelekezo inavyosema, bega la ganda (mteremko ulio chini ya shingo) husukumwa nyuma kupita kiasi. Ganda hubaki likishikiliwa na ukingo wake tu, na likifyatuliwa hunyooka kuelekea nyuma. Baada ya kurudia mara tatu nne, ukuta wake hukonda juu kidogo ya kitako, kisha ganda hukatika vipande viwili ndani ya chemba. Wakati huohuo pini ya kufyatulia hupiga fataki iliyo mbali nayo kidogo, na risasi nyingine hugoma. Mtu hulaumu springi ya nyundo, kumbe tatizo ni bega.

Chemba yenyewe ndiyo geji bora. Vua mtutu kwenye fremu (hushikiliwa na pini moja ya bawaba), uuelekeze chini na udondoshe ndani yake ganda lililopita kwenye dai. Kitako cha ganda kiwe sawa na uso wa nyuma wa mtutu, ukipitisha ukingo wa rula juu yake usikwame. Kama kimejitokeza, shusha dai kidogo ujaribu tena. Dai za kawaida zina skrubu ya nyuzi 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mmoja mzima ni karibu milimita 1.8 na robo ya mzunguko ni karibu 0.45. Enda kwa vipande vidogo kuliko hivyo. Ukipata mahali pake, funga nati ya dai na usiiguse tena. Maganda yaliyokwisha kutumika yakague kwa waya mwembamba uliopindwa ncha: uburute ndani ya ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo litupe.

Kuhusu urefu wa risasi, bastola ya risasi moja haina magazini ya kukubana. Unaweza kutumia vichwa vyenye ncha kali, ambavyo havifai kwenye bunduki yenye magazini ya bomba kwa sababu ncha hukaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake. Lakini usivute kichwa mpaka kiguse mifuo ya mtutu, yaani michirizo ya ndani inayokizungusha. Acha nafasi ya karibu nusu milimita. Kichwa kilichogusa mifuo hupandisha presha, na ukifungua bastola bila kufyatua kinaweza kubaki kwenye mtutu huku ganda likitoka na baruti ikimwagika ndani ya mtambo.

Kwenye uwanja wa shabaha

Vaa vizibo vya masikio na juu yake vifuniko vikubwa vya masikio. Mtutu wa inchi 14 ukirusha risasi ya bunduki una mshindo unaoshinda kinga moja. Miwani ni lazima. Darubini iwe ya bastola, ya kutazamwa mkono ukiwa umenyooshwa, kwa kuwa ile ya bunduki itakulazimisha usogeze jicho na utapigwa paji la uso. Skrubu za vishikizo vyake zikague kabla na katikati ya zoezi, maana msukumo wa nyuma wa bastola hizi huzilegeza.

Egemeza sehemu ya mbao iliyo chini ya mtutu juu ya mfuko wa mchanga, kamwe si mtutu wenyewe, na iwe palepale kila mara. Weka alama ya chaki kama inabidi. Mshiko uwe na nguvu ileile na kimo kilekile. Bastola huanza kuinuka kabla kichwa hakijatoka mtutuni, kwa hiyo ukishika kwa ulegevu tundu hupanda, ukibana hushuka. Matundu yaliyopangana wima yanaweza kuwa ya mkono kabla ya kuwa ya baruti.

Ili kujua ni yapi, anza kila siku na risasi tano za mjazo mmoja unaoujua, ikiwezekana za kiwandani. Zikitawanyika kuliko kawaida yake, siku hiyo usipime kitu kipya.

Kronografu ya macho, kifaa cha kupima kasi ya kichwa, iweke mita 3 hadi 5 mbele ya mdomo wa mtutu. Ikiwa karibu zaidi, moshi na wimbi la mlipuko huihadaa, na utaona namba za ajabu. Usishangae kasi ikiwa chini ya ile ya kitabu kilichotumia bunduki ya inchi 24. Kila inchi inayopungua hula takriban mita 8 hadi 15 kwa sekunde, kutegemea baruti. Jambo la kuogopa ni kinyume chake: mtutu mfupi ukifikia kasi ya juu kabisa ya kitabu kabla hujafika kiwango cha juu cha baruti, presha imekwisha kupanda. Simama hapo.

Anzia kiwango cha chini cha kitabu na upande kwa nusu greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti) au pungufu. Kwa kila hatua fyatua risasi moja moja na kagua ganda kabla ya inayofuata. Kwenye bastola hizi dalili ya kwanza huwa komeo: ikifunguka kwa shida, au ganda likihitaji kugongwa, rudi nyuma. Tazama pia fataki iliyotambaa kuingia kwenye tundu la pini, na kishimo cha fataki kinacholegea baada ya mijazo michache. Fataki kubapa peke yake haithibitishi kitu, kwani bega lililorudi nyuma nalo huibapa.

Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri dakika nzima kabla ya kufungua. Ikitoa mlio hafifu, fungua na uchungulie mtutu kutoka nyuma kabla ya kuweka nyingine. Kichwa kilichokwama humo, kikifuatwa na kingine, hupasua mtutu.

Kila mjazo unaoutarajia upewe mikupuo miwili ya risasi tano, kwa umbali wa mita 100 au 50. Mtutu upoe kati ya mikupuo mpaka uweze kuushika bila kuuachia. Mkupuo wa risasi tatu hudanganya: milimita 20 za leo huwa 50 wiki ijayo, na mjazo ni uleule. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la mbali zaidi. Kwa mita 100, milimita 29 ni dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii), na dakika moja na nusu kutoka kwenye bastola ni kazi nzuri.

Andika kwenye daftari joto la siku, ganda limejazwa mara ngapi na namba ya toleo la fataki na la baruti. Ukifungua kopo jipya la baruti, hata kama ni ya jina lilelile, shuka chini uanze kupanda upya.