Banda la kuku sita nyuma ya nyumba, kwa mbao za kuokoteza

Banda langu la kwanza nililijenga kwa siku moja, na kuku wanne wakauawa humo kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimezungushia ule waya mwembamba wa matundu ya pembe sita, nikausimamisha juu ya udongo, mlango nikaufunga kwa kamba. Asubuhi nilikuta shimo la upana wa ngumi mbili chini ya waya, na manyoya yametapakaa. Aliyefanya hivyo sikumwona. Tangu siku hiyo kila ninapojenga banda naanza kufikiria pale ukuta unapokutana na ardhi, mambo ya juu yanafuata baadaye.

Hili ninaloeleza ni la kuku sita wakubwa. Chumba cha kulala kina urefu wa sentimita 180 na upana wa 120, kimeinuliwa kwa nguzo sentimita 60 kutoka ardhini, na mbele yake kuna uwanja wa mita 4 kwa 1.8. Ukitaka kubadili idadi, mhesabie kila kuku theluthi ya mita ya mraba ndani na walau mita moja ya mraba nje. Usiwabane. Kuku waliobanana hudonoana mpaka damu, na ukishaona damu kuwatuliza ni kazi kubwa. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, uliza kama sheria za mahali unapoishi zinaruhusu kufuga.

Mbao mpya si lazima. Paleti za kubebea mizigo zinatosha kwa kuta na sakafu, ila zigeuze uangalie muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT zina maana mbao zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. MB zilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, hizo ziache hata kama ni za bure. Yenye harufu ya mafuta au dawa usiiguse pia. Mimi hubana matumizi kwenye mbao, kwenye misumari (naichomoa na kuinyoosha juu ya jiwe), hata kwenye bawaba. Kwenye wavu na komeo sibani.

Chagua mahali ambapo maji hayatuami. Kama huna hakika, subiri mvua, utoke ukaone yanakoelekea. Chimba mashimo manne ya sentimita 50, tia kokoto kidogo chini ili maji yasikae kwenye kitako cha nguzo, kisha simamisha nguzo mbili za mbele zenye mita 2.6 na mbili za nyuma zenye mita 2.3. Tofauti hiyo ndiyo mteremko wa paa. Usishindilie udongo kwanza. Vuta futi kamba kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, halafu kona nyingine mbili vivyo hivyo. Vipimo vyote viwili vikisoma karibu sentimita 216, umbo lako limekaa sawa na mbao zote utakazokata zitaingia. Vikitofautiana, sogeza nguzo sasa, maana ukishapigilia sakafu utakuwa unapigana na upogo mpaka kwenye bati.

Sakafu na kuta hazina siri. Ziba nyufa, na kizingitini pigilia ubao wa sentimita 15 ili maranda yasimwagike mlango ukifunguliwa. Bati la zamani linafaa, mradi misumari ipite kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde maji yanapopita. Liache lichomoze sentimita 25 kila upande.

Chini ya bati, mbele na nyuma, acha pengo la sentimita 15 kwa urefu wote wa ukuta, ulizibe kwa wavu tu. Wengi wanaogopa baridi na kuliziba kwa mbao. Naomba sana usifanye hivyo. Kuku ana manyoya ya kumtunza na baridi, lakini hana kinga dhidi ya hewa ya kinyesi chake mwenyewe. Unyevu na harufu kali vikikosa pa kutokea, wanaanza kukoroma na kutoa machozi. Upepo usiwapige mwilini, upite juu ya vichwa vyao. Kipimo changu ni rahisi: alfajiri kabla sijawafungulia nje, nafungua mlango wa kusafishia, nainamisha kichwa mpaka usawa wa kuku na kuvuta pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi au maranda yanataka kubadilishwa.

Ufito wa kulalia uwe na upana wa sentimita 5, kingo zake zimekwanguliwa zikawa mviringo, ili kuku akalie vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya. Kila mmoja anahitaji sentimita 25, kwa hiyo ufito mmoja wa ukuta mrefu unawatosha sita. Uweke sentimita 60 juu ya sakafu. Viota ni viwili, kila kimoja sentimita 30 kila upande, na viwe chini ya ufito, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Hili lina sababu. Kuku hutafuta mahali pa juu zaidi pa kulala, na kiota kikiwa juu kuliko ufito watalala humo na mayai utayaokota yamejaa kinyesi.

Sasa turudi kwenye wavu. Waya wa pembe sita humzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama mwenye meno asiingie. Kwenye mapengo ya hewa, na kuzunguka uwanja hadi urefu wa goti na zaidi, tumia wavu wa chuma uliochomelewa, matundu yasizidi milimita 12. Juu ya hapo, na kufunika uwanja wote kwa ajili ya mwewe, ule wa bei nafuu unatosha. Ukingo wa wavu ubane kwa misumari ya U, kisha pigilia kipande chembamba cha mbao juu yake. Misumari peke yake hung'oka ukivutwa.

Halafu kuna sketi, yaani wavu unaolala chini kuzunguka uwanja. Kata wavu wa upana wa sentimita 50, sentimita 10 zipande na kushikana na ukuta wa uwanja, 40 zilale juu ya ardhi kuelekea nje. Ufunge kwa waya, ukandamize kwa mawe, ufunike kwa udongo. Majani yataota na kuuficha. Mnyama anayechimba hufika mpaka kwenye ukuta na kuanza kuchimba pale pale, akakutana na chuma chini ya kucha zake. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja. Niliwahi kukuta mikwaruzo mitatu mfululizo kando ya sketi yangu, na ndani kuku sita wazima.

Milango yote iwe na komeo linalopitishiwa pini, kwa sababu ndoano tupu huinuliwa kwa pua.

Sakafuni mwaga maranda makavu, kina cha sentimita 8. Uwanjani weka tairi kuukuu lililojaa mchanga na jivu mahali penye kivuli, wajigaragaze. Mara moja kwa wiki, giza likiingia, pitisha karatasi nyeupe chini ya ufito na kwenye viungio vyake. Ikitoka na michirizi myekundu ni utitiri, na dawa ianze siku hiyo hiyo.

Kuku wapya wafungie ndani siku tatu, na maji na chakula, ndipo uwafungulie uwanja. Jua likizama watapanda wenyewe. Wahesabu, tia pini. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, ingia na chaki, kila maji yanapodondoka kutoka kwenye bati weka alama kwa ndani. Bati likikauka, panda juu na lami uzibe hapo.