Kutia alumini kwenye utando wa oksidi ya zinki, na kwa nini tanuri ndilo linaloamua

Lengo ni utando mwembamba juu ya kioo, ulio angavu na unaopitisha umeme. Mwanafunzi wa uzamili aliniletea slaidi tano zenye alumini ya 0, 1, 2, 3 na 5% ya atomi zote za metali. Zote zilikuwa angavu, na zote zilikataa kupitisha umeme. Alikuwa keshaanza kuzilaumu kemikali. Kemikali hazikuwa na neno, shida ilikuwa tanurini. Ndiyo maana Hatua ya 4 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Myeyusho

Kwa mililita 50 zenye jumla ya metali ya molari 0.5 (moli 0.5 kwa lita) na alumini 2%, pima gramu 5.378 za asetati ya zinki (yenye maji mawili) na gramu 0.188 za nitrati ya alumini (yenye maji tisa). Zingatia kwamba zinki imepunguzwa ili kuipisha alumini. Yeyusha katika kiyeyushi kiitwacho 2-methoksiethanoli, ongeza mililita 1.5 za monoethanolamini (huufanya myeyusho utulie), koroga kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa mbili, kisha uache hadi kesho yake. Kiyeyushi hiki hudhuru uzazi, kwa hiyo fanya kazi ndani ya kabati la moshi. Mjamzito asikiguse kabisa.

Tengeneza na chupa ya 0%. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Kioo

Osha kama kawaida. Ila slaidi za bei rahisi za hadubini zina sodiamu, na kwenye joto kali sodiamu hupenya kwenye utando na kuunyang'anya elektroni. Mimi hutumia kwatzi au kioo kisicho na alkali.

Hatua ya 3: Kuzungusha

Dondoshea myeyusho juu ya kioo, kisha kizungushe kwenye mashine: mizunguko 3000 kwa dakika, sekunde 30. Kausha kwa nyuzi 300 kwa dakika kumi, kisha rudia mpaka unene ukaribie nanomita 200. Tabaka nyingi nyembamba ni bora kuliko chache nene, maana nene hupasuka.

Hatua ya 4: Tanuri

Kwanza elewa unachokitafuta. Zinki hutoa elektroni mbili kwenye vifungo vyake, alumini hutoa tatu. Alumini ikikaa mahali pa zinki ndani ya fuwele, elektroni moja hubaki huru, na hiyo ndiyo hubeba mkondo. Alumini ikisukumwa kwenye mipaka kati ya fuwele, hugeuka oksidi ya alumini, ambayo ni kihami. Asilimia uliyotia kwenye chupa, basi, si asilimia inayofanya kazi.

Choma mara mbili. Mara ya kwanza hewani, nyuzi 500 kwa saa moja, ili mabaki ya kaboni yaungue na fuwele zijijenge. Mwanafunzi wangu aliishia hapo. Oksijeni ya hewa hujishikiza kwenye mipaka ya fuwele na kuziteka elektroni zilezile ulizozitafuta kwa alumini.

Mara ya pili tumia agoni yenye hidrojeni 5%, nyuzi 400, nusu saa hadi saa. Ukinzani hushuka sana. Lakini angalia haya:

– Fukuza hewa yote kwenye bomba la tanuri kabla ya kuwasha joto.
– Usizidishe joto. Hidrojeni huirudisha oksidi kuwa zinki, zinki hugeuka mvuke, nawe utatoa kioo kitupu.
– Acha gesi ipite hadi joto lishuke chini ya nyuzi 100. Ukifungua mapema, oksijeni inarudi.
– Hidrojeni yenyewe nayo huongeza elektroni kwenye oksidi ya zinki. Slaidi ya 0% nayo itaanza kupitisha, kwa hiyo ichome pamoja na nyingine. Tofauti kati yao ndiyo kazi ya alumini.

Kama huna mchanganyiko huo, choma kwenye ombwe. Naitrojeni pekee husaidia, ila kidogo.

Hatua ya 5: Kupima ukinzani

Tumia sindano nne zilizopangwa mstari: mbili za nje hupitisha mkondo, mbili za ndani hupima volteji. Multimita ya sindano mbili hupima pia mguso wa sindano na utando, kwa hiyo usinionyeshe namba zake. Gawanya volteji kwa mkondo, zidisha kwa 4.532 (kigezo cha utando mwembamba na mpana), kisha kwa unene. Kipande kikiwa kidogo ukilinganisha na nafasi kati ya sindano, 4.532 haifai, tafuta jedwali la masahihisho.

Pima gizani, baada ya slaidi kulala gizani usiku kucha. Mwanga wa jua una urujuanimno unaoifukuza oksijeni iliyojishikiza, na athari hiyo hudumu kwa saa nyingi. Slaidi iliyokaa dirishani itaonekana bora kuliko ilivyo.

Hatua ya 6: Mwanga

Pima upitishaji wa mwanga. Oksidi tupu huanza kufyonza karibu na nanomita 375, yaani takriban eV (elektronivolti) 3.3. Elektroni zikiongezeka hujaza ngazi za chini za bendi ya upitishaji (ngazi za nishati ambamo elektroni husafiri huru), na ukingo, yaani mahali ufyonzaji unapoanzia, husogea kuelekea mawimbi mafupi. Ukinzani ukishuka ila ukingo haukusogea hata kidogo, rudia kupima unene kabla ya kushangilia.

Kwa njia hii ukinzani wa chini mara nyingi huangukia alumini ya 1 hadi 2%, kisha hupanda. Grafu yako ikiendelea kushuka hadi 5%, pima kiasi halisi cha alumini ndani ya utando: huenda sehemu kubwa haikuingia.