Gari linakula matairi na usukani unatetemeka: pa kuanzia kabla hujalipia alaimenti

Wengi wanaoniletea Corolla 110 yenye tatizo hili wameshalipia alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, wengine mara mbili. Lakini alaimenti ni kazi ya mwisho. Bushi, yaani mpira wa kwenye viungo vya chini ya gari, ikiwa imekufa, vipimo vinasoma vizuri gari likiwa limetulia kwenye mashine, halafu tuta la kwanza linavivuruga. Mimi nafuata mpangilio huu, na hatua 3 za mwanzo unazifanya mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1: Lisome tairi

Kata usukani hadi mwisho ili uone uso wote wa tairi, hasa ukingo wa ndani. Kuna gari lililokuja kwangu, tairi la mbele kushoto kwa nje lina kashata (michongo ya uso wa tairi) kama jipya, kwa ndani nyaya zimeshaanza kuchungulia. Mwenyewe alikuwa anasafiri nalo kesho yake na familia.

Kingo zote mbili zikilika, upepo ulikuwa mdogo. Katikati pakilika, ulizidi. Ukingo mmoja tu, wasiwasi wangu huenda kwenye bushi, boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) na kemba, yaani mlalo wa gurudumu. Kama hakuna nyaya zilizotokeza, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, kama unapapasa msumeno, magurudumu hayajanyooka mbele. Mafundi tunaita to. Ukihisi mabonde-mabonde, shokapu imechoka au balansi, yaani usawa wa uzito wa gurudumu, imepotea. Ukiona uvimbe, hilo halitengenezeki. Litoe leo.

Soma pia tarakimu 4 za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa kwenye shavu la tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanadanganya sana hapa. Kashata nene, kumbe mpira umekauka na mashavu yana nyufa.

Hatua ya 2: Pima upepo

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye shavu la tairi ni kikomo chake, siyo kiasi cha kujaza.

Hatua ya 3: Mtetemo unakuja wakati gani?

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Mtetemo ukianza kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kupungua ukipita hapo, mara nyingi ni balansi. Ukija unapokanyaga breki tu, angalia diski. Ukija unapokanyaga mafuta na kukoma ukiachia, angalia jointi ya ndani ya draivu shafti, mhimili unaozungusha gurudumu. Usukani ukiyumba kushoto na kulia hata kwenye 20 au 30, rimu imepinda au nyuzi za tairi zimeachana ndani. Mtetemo wa mikononi hutoka mbele. Wa kwenye kiti, mara nyingi nyuma.

Hatua ya 4: Inua na utikise

Weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele, kisha weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Shika gurudumu kushoto na kulia, tikisa. Likicheza, tazama tairodi, fimbo inayokata gurudumu ukizungusha usukani. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: likitulia ni beringi, likiendelea ni boljointi.

Bushi hazijitokezi kwa mkono. Gari lile la nyaya lilipita vipimo vyote hivi. Nilipochomeka mtaimbo kwenye bushi ya nyuma ya wishiboni (mkono wa chini unaoshika gurudumu) na kuubana kidogo, wishiboni ilisogea karibu upana wa kidole. Mpira ulikuwa umepasuka mzunguko mzima. Alaimenti mbili alizofanyiwa zilikuwa zimepangwa juu ya bushi hiyo.

Hatua ya 5: Safisha habu

Gurudumu likiwa nje, sugua uso wa habu, pale rimu inapofungwa, kwa brashi ya waya. Kutu au tope kidogo tu hapo hufanya rimu ikae upande. Kama ni rimu za kununua, siyo zilizokuja na gari, pima tundu la katikati: habu ya Corolla hii ni milimita 54.1, na rimu nyingi za nje zina tundu kubwa zaidi, kwa hiyo zinahitaji ringi za kuziba nafasi. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, mwisho kwa tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, 103 Nm.

Hatua ya 6: Balansi, kisha alaimenti

Alaimenti ipimwe magurudumu yote 4, usukani ukiwa umefungwa ukiwa umenyooka. Omba vipimo vya kabla na vya baada. To ya mbele hurekebishwa kwenye tairodi, hivyo kama vipimo vimebadilika, nati zake lazima zionyeshe alama ya spana.

Baada ya kilomita 100 kagua tena nati za magurudumu kwa tokirenchi. Baada ya kilomita 1,000 pitisha tena kiganja kwenye kashata.