Kushona viraka vya pembe sita ukiwa safarini

Kata kila kitu nyumbani, ili safarini ubaki na sindano, uzi na mkasi mdogo tu. Kwa ndege, soma kwanza kanuni za mikasi.

Fua kitambaa cha pamba na ukipige pasi kabla ya kukikata. Kipya husinyaa, na rangi nzito huchuja. Chora na ukate maumbo ya pembe sita yenye pande za sentimita 2.5 kwenye karatasi nene ya kadi. Hapa usiwe na haraka hata kidogo: kosa la milimita moja halionekani kwenye kiraka kimoja, lakini ukizungushia sita kwenye cha katikati ili kupata umbo la ua, halifungi. Kitambaa kizidi karatasi kwa milimita 7 kila upande. Kunja ukingo juu ya karatasi, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kuushikilia. Kazi hii hata mtoto mkubwa anaiweza.

Kuunganisha, bananisha viraka uso kwa uso, uzungushie uzi ukingoni, mishono mitano au sita kwa sentimita. Sindano inase nyuzi mbili tatu za kitambaa, isipite kwenye karatasi. Ikinasa kitambaa kingi, mshono huonekana mbele. Uzi wa sentimita 45 unatosha. Mrefu zaidi hujisokota. Ukisokotana, achia sindano ining'inie mpaka ujifungue.

Karatasi hutolewa pale tu kiraka kinapozungukwa pande zote sita. Mapema zaidi, ukingo hukunjuka. Isiyopinda hutumika tena.