Maswali ya usaili Arusha na Moshi: jibu kwa tukio, acha sifa

Msaili anayetafuta mtu wa mapokezi kwa ajili ya hoteli ya Arusha husikia neno "mchapakazi" tangu asubuhi mpaka jioni. Halimsaidii kuchagua, maana kila aliyeketi kwenye kiti kile amelitaja. Kinachomsaidia ni tukio: lilitokea wapi, ulifanya nini, liliishaje. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe andika matukio matano ya kweli, ya kazini, ya mafunzo kwa vitendo au hata ya dukani kwenu: mteja aliyekasirika, hesabu iliyogoma kulingana, mwenzako mliyekwaruzana, jambo ulilolianzisha mwenyewe, na kosa ulilolirekebisha. Maswali mengi utayajibu kwa hayo.

Kila tukio lisizidi dakika moja na nusu. Jipime kwa simu. Hali yenyewe ipe sentensi mbili, matokeo moja, muda uliobaki eleza ulichofanya wewe. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaeleza hali kwa kirefu, kisha wanamalizia na "tukalitatua". Nani alilitatua? Malezi yetu yanatufanya tuseme "sisi", lakini anayeajiriwa ni mtu mmoja. "Mimi nilimpigia dereva, mwenzangu akabaki na wageni": hapo hujajisifu, wala hujamdhulumu mtu.

"Tuambie kuhusu wewe" si mwaliko wa kuanzia shule ya msingi. Sema unachofanya sasa au ulichosomea, taja kazi moja inayofanana na hii, kisha kwa nini umeomba nafasi hii. Dakika moja inatosha. Kwenye udhaifu, "napenda sana kazi" ni jibu la kukwepa na wasaili wanalijua. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, pamoja na unachofanya kuupunguza: mhasibu asiyezoea kuzungumza mbele ya watu anaeleweka, mhasibu anayesahau stakabadhi hapana.

Maswali ya "ungefanya nini" ndiyo yanayochuja, na yanahitaji mpangilio. Mfano wa mwongoza watalii: mgeni ameanza kuumwa kichwa kambi ya Kibo, mlima Kilimanjaro, mita 4,720, saa chache kabla ya kuondoka kuelekea kileleni. "Nitamtia moyo" ni jibu la hatari. Eleza kwamba unamuuliza kama anatapika, unamtembeza kwenye mstari ulionyooka, unasikiliza kama maneno yake yanaeleweka. Kikiwa kichwa tu, hapandi mpaka kitulie. Akiyumba, akichanganyikiwa au akikosa pumzi hali amepumzika, anashushwa usiku huohuo bila kungoja kupambazuke. Kwa mtunza fedha: jioni droo imepungua shilingi 50,000. Anayejibu "ningefidia mfukoni" anadhani ameonyesha uaminifu, kumbe amesema ataficha upungufu. Hesabu upya mbele ya mwenzako, linganisha na stakabadhi, toa taarifa kabla ya kufunga.

Kwenye kazi za utalii msaili anaweza kugeuza lugha katikati ya maongezi, akauliza kwa Kiingereza. Mjibu kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Fanya mazoezi ya yale matukio matano kwa lugha zote mbili, kwa sauti. Kuyasoma kimoyomoyo hakutoshi.

Ukiulizwa kama una mimba au unatarajia kuolewa lini, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au hali ya ndoa, na inamlinda hata mwombaji kazi. Huhitaji kugombana. "Ratiba ya kazi hii nimeisoma na nitaimudu" ni jibu kamili.

Mambo ya kuingia chumbani ni machache: shikamoo kwa waliokuzidi umri, kaa ukikaribishwa, simu izimwe. Ukitoka Moshi kwenda usaili wa saa tatu Arusha, uwe barabarani saa kumi na mbili. Ni kilomita 80 hivi, na basi dogo la Coaster husimama njiani.

Mshahara uuandae kwa hesabu. Uliza kama kiasi kinachotajwa ni kabla ya makato, maana tofauti ni kubwa. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, mshahara wa 600,000 ukikatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) 60,000 na kodi 24,000, unabaki na 516,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ondoa pia 15% ya mshahara wa kabla ya makato, yaani 90,000: mkononi 426,000. Anza na kodi ya nyumba, nauli na chakula, ujue chini ya kiasi gani huwezi kuishi, kisha taja kiwango chenye pande mbili, kwa mfano 650,000 hadi 750,000. Upande wa chini usiwe pungufu ya unachoweza kukubali, kwa sababu huo ndio wanaoushika.