Kuanza Useremala Barazani kwa Fedha Kidogo

Anayetaka kujifunza useremala kwa ajili ya kujiburudisha jioni, naye amepanga chumba kimoja chenye baraza hapa Mtwara mjini, hana haja ya kusubiri karakana wala mashine ya umeme. Wachongaji wa Kimakonde hufanya kazi ngumu kuliko yetu wakiwa wameketi chini na kuubana mti kwa miguu, na kinachowawezesha ni makali ya zana zao. Kwa hiyo fedha chache zitangulie kwenye makali.

Nunua msumeno wa mkono, patasi ya robo tatu inchi, nyundo, futi na skwea ya kupimia pembe mraba. Randa, ya kulainishia mbao, itafuata baadaye. Patasi mpya haifai kutumiwa kabla ya kunolewa. Laza msasa wa maji namba 400, ule wa mafundi wa kupiga rangi magari, juu ya kipande cha kioo kinene, uuloweshe, kisha sugua upande bapa wa patasi hadi sehemu ya karibu na makali ing'ae. Igeuze, uulaze mteremko wake, yaani uso ulioinama unaoishia kwenye makali, kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na usugue bila kuyumbisha mkono mpaka kidole gumba kihisi, kwenye upande bapa, ukwaruzo mwembamba wa chuma kilichojikunja kutoka mwanzo hadi mwisho wa makali. Hiyo ndiyo dalili kwamba pande mbili zimekutana. Uondoe ukwaruzo huo kwa kuusugua upande bapa mara chache, kisha rudia yote kwa namba 1000. Patasi iliyokolea hukata kichwa cha ubao wa paini, pale nyuzi za mti zinapoishia, na kuacha uso laini unaong'aa. Ikiwa butu, huzichana nyuzi tu.

Mbao za kujifunzia ziombe au uzinunue kwa bei ya mabaki kwenye karakana za mtaani, na paini ndiyo inayomstahimilia mwanafunzi. Mpingo, pamoja na sifa zake zote huku kwetu, ni mzito kiasi cha kuzama majini na humaliza makali upesi; uachie waliouzoea.

Unyevu wa pwani usiudharau. Niliwahi kununua ubao mbichi mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, nikaupigilia misumari pande zote juu ya kimeza. Kiangazi kilipoingia ukapasuka katikati, kwa sababu mbao husinyaa kwa upana ilhali urefu wake haubadiliki sana. Siku hizi huzipanga kivulini, juu ya sakafu, nikiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na huziacha wiki kadhaa.

Kazi ya kwanza iwe benchi fupi: ubao wa inchi 2 kwa 10 wenye urefu wa mita 1, na miguu ya sentimita 40 iliyokazwa kwa gundi na skrubu. Karibu na ncha moja pigilia kijiti cha kuzuia ubao unaouchonga usiteleze, ili uketi kama unayekuna nazi na kusukuma patasi kukielekea, mikono yote miwili ikiwa nyuma ya makali. Kazi ikiisha, benchi hilo ni kiti cha wageni. Zana zipake mafuta ya cherehani zisishike kutu, na maranda mpelekee jirani anayefuga kuku.